Maisha ya Daktari Theodor Kocher wa Bern

Kama umekulia katika nyanda za juu za kusini kama mimi, bila shaka umepata kumwona mtu mwenye rovu, yaani ule uvimbe wa shingo ambao hospitalini huitwa goita. Nilipokuwa mtoto watu wenye marovu walikuwa wengi kijijini kwetu, hata hatukuwashangaa. Mgeni ndiye aliyewakodolea macho. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na rovu lililofikia ukubwa wa papai changa. Halikumwuma, lakini mwaka hata mwaka lilizidi, mpaka ikawa akilala chali anakosa pumzi. Basi mwaka 1983 baba akauza ng'ombe, akampeleka hospitali, akapasuliwa, rovu likatolewa lote. Akarudi nyumbani na kovu jembamba shingoni, tukamchinjia jogoo.

Shangazi huyo alikuwa mwimbishaji wa kijiji. Hapakuwa na arusi wala palizi ya pamoja ambapo sauti yake haikutangulia. Lakini kabla ya mwaka kwisha akaanza kubadilika. Sauti ikakwaruza. Akawa habanduki motoni, hata jua la Novemba likiwaka. Uso ukamvimba, kauli ikawa nzito; ukimwuliza neno, ulingoja jibu mpaka ukasahau ulilouliza. Shamba likaota magugu. Kisha akaacha kuimba, akaacha kwenda kwa watu, akawa akikaa jikoni akitazama majivu, machozi yakimtoka bila sababu aliyoweza kuitaja. Wengine walisema ni uvivu wa uzee, naye hajatimiza miaka 50. Wengine walisema amerogwa na mtu aliyemwonea kijicho kwa kupona.

Mimi nilikuwa kidato cha pili. Desturi yangu wakati wa likizo ilikuwa kumsomea barua za mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi Tanga, na kumwandikia majibu. Siku moja nilichoka kungoja maneno yake, nikaiandika barua yote kwa akili yangu mwenyewe, nikaenda zangu mpirani. Likizo ile nzima sikurudi tena nyumbani kwake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa Biolojia, nilisoma maisha ya Daktari Theodor Kocher, nikamkuta shangazi yangu katikati ya kurasa zile. Kwa hiyo Mhariri aliponitaka niandike juu ya mtu mashuhuri kwa gazeti letu la muhula huu, sikumtafuta mfalme wala jemadari.

Kocher alizaliwa tarehe 25 Agosti 1841 katika mji wa Bern, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mhandisi. Mama yake alikuwa mcha Mungu wa kanisa la Moravian, madhehebu ambayo wasomaji wetu wa Mbeya na Tabora wanayajua sana, naye mwana alishikamana na dini hiyo maisha yake yote. Alisoma udaktari katika chuo kikuu cha mji wake, akamaliza mwaka 1865, kisha akafunga safari kwenda kuwatazama mabingwa wa kupasua wakifanya kazi: Zurich, Berlin, London, Paris. Mwaka 1870 alitangaza njia ya kurudisha bega lililoteguka, njia ambayo jina lake halijaiacha mpaka leo. Mwaka 1872, hajatimiza miaka 31, alifanywa profesa wa kupasua katika Bern na mkuu wa kazi hiyo katika hospitali ya mji. Akakaa katika cheo hicho miaka 45.

Sasa yafaa nieleze kwa nini daktari wa Bern ilimbidi awe daktari wa marovu. Uswisi ni nchi ya milima mirefu, mbali na bahari. Barafu na mvua za maelfu ya miaka zimeusugua udongo wake na kuuondolea ayodini, ambayo sisi katika mifuko ya chumvi huiita madini joto. Katika shingo ya kila mtu, chini kidogo ya koromeo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo, nayo kwa kawaida haifiki gramu 30. Jina lake ni thairoidi. Tezi hiyo huhitaji ayodini kwa kazi yake, na ikiikosa hukua na kukua, kama mkulima anayepanua shamba kila mwaka kwa kuwa udongo umechoka na mavuno hayatoshi. Huko ndiko rovu linakotoka. Katika mabonde ya Uswisi wakati ule ilikuwa jambo la kawaida kuona kijiji kizima chenye shingo nene, na pamoja nao watoto waliozaliwa mbilikimo, wazito wa akili, wengine mabubwi. Milima yetu ya kusini ina shida ileile ya udongo, ndiyo maana nilianza kwa kuwataja watu wa kijijini kwetu.

Kupasua rovu zama zile kulikuwa karibu sawa na kuua. Tezi hiyo imejaa mishipa ya damu, nayo imepakana na mishipa mikubwa ya kichwa na ile midogo inayoendesha sauti. Mwaka 1850 chama cha wakuu wa udaktari wa Ufaransa kilikataza kazi hiyo kabisa. Theodor Billroth, bingwa mkubwa aliyemfundisha Kocher katika Zurich, alipoteza karibu wagonjwa wanne katika kila kumi, akaiacha kwa miaka mingi.

Kocher akaianza kwa namna yake. Kwanza, alifuata mafundisho ya Joseph Lister wa Uingereza juu ya usafi na dawa za kuua vijidudu, wakati ambapo madaktari wengi walikuwa bado wakipasua na makoti yaliyokauka damu ya jana. Pili, hakuwa na haraka. Wapasuaji wa siku zile walijisifu kwa dakika chache walizotumia. Yeye alikata kidogo, akaufunga mshipa mmoja, akakata tena, akaufunga mwingine, mpaka jeraha likawa kavu na kila kitu kikionekana mahali pake. Koleo alilolitengeneza kwa kazi hiyo bado linatumika katika vyumba vya kupasulia, nalo huitwa Kocher tu. Katika miaka yake ya kwanza waliokufa mikononi mwake walikuwa zaidi kidogo ya kumi katika kila mia. Alipokuwa mzee hawakufika hata mmoja katika mia.

Kwa kuwa mikono yake ilikuwa hodari, aliweza kulitoa rovu lote pamoja na tezi yenyewe, bila kuacha hata kipande. Tena aliona ni jambo jema, maana kipande kikibaki huweza kukua na kuwa rovu jipya. Nani angemkataza? Hakuna aliyejua kwa yakini kazi ya tezi hiyo. Mwingereza Thomas Wharton, aliyeipa jina lake mwaka 1656, alidhani kwamba mojawapo ya kazi zake ni kuifanya shingo iwe ya mviringo na kupendeza, hasa kwa wanawake. Zaidi ya miaka 200 ilipita, na maarifa hayakuwa yamesogea mbali.

Mwezi wa Januari 1874 Kocher alimpasua msichana wa miaka 11. Jeraha likapona vizuri, mtoto akaenda kwao. Baada ya muda daktari wa kijijini aliyempeleka kwake, jina lake August Fetscherin, alimpasha Kocher khabari kwamba yule mtoto amebadilika. Zamani alikuwa mchangamfu. Sasa alikuwa mwenye kununa, mzito, hana furaha na jambo lo lote. Kocher aliipokea khabari hiyo akaiweka kando. Hakumwita mtoto aje, wala hakwenda kumtazama. Naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi nyingi, sifa zikimjia kutoka kila upande, na jeraha lilikuwa limepona. Mpasuaji hulitazama jeraha, na kama mtoto amenuna nyumbani kwao, hilo ataliona kuwa ni la wazazi. Nakiri kwamba nilipofika mahali hapo nilikifunga kitabu kwanza, nikakaa.

Miaka minane ikapita. Mwezi wa Septemba 1882 Kocher alikutana katika Geneva na mpasuaji mwenzake, Jacques-Louis Reverdin. Reverdin akamwambia kwamba baadhi ya wagonjwa wake mwenyewe, wale aliowatoa tezi yote, walikuwa wamepatwa na mambo ya ajabu miezi michache baadaye: udhaifu, uso kuvimba, akili kupooza. Akamwuliza kama naye ameona hivyo. Hapo Kocher akamkumbuka yule msichana wa 1874. Akamtafuta, akamtazama kwa macho yake.

Ipo picha iliyopigwa siku zile, nayo imechapishwa katika vitabu vingi vya udaktari. Inaonyesha wasichana wawili, ndugu wa tumbo moja. Kabla ya kupasuliwa kwa mkubwa walifanana sana, hata watu wakawa wakiwachanganya. Katika picha, mdogo amekuwa mwanamke mzima, mrefu, mwenye uso wa akili. Mkubwa, ambaye ndiye aliyepasuliwa, amebaki na kimo cha mtoto, uso umemvimba, macho hayana kitu ndani yake.

Kocher alifadhaika. Lakini angalia alilofanya. Hakusema ni mgonjwa mmoja tu kati ya wengi, wala hakungoja kuona kama mwingine atakuja kulalamika. Aliwaita wagonjwa wake wa zamani aliowapasua marovu, waje Bern mmoja mmoja awatazame upya. Kwa wale aliowaachia sehemu ya tezi hakuona ubaya wo wote. Katika wale aliowatoa tezi yote aliweza kuwatazama 18. Kati yao 16 walikuwa wameharibika.

Aliandika dalili zao kwa uangalifu uleule aliopasulia. Kwanza huja uchovu na uzito wa viungo. Kisha baridi, hasa mikononi na miguuni. Uso na mikono huvimba, ngozi hukauka, nywele hupunguka, ulimi huwa mzito, hatua huwa za polepole. Akili nayo hupunguza mwendo. Watoto wa shule waliokuwa mbele darasani walishuka mpaka mwisho, na walimu wao walishangaa. Wakubwa walijua wenyewe kwamba fikira zao zimekuwa nzito, wakaona haya, wakaanza kujitenga na watu na kukaa kimya. Kwangu mimi jambo hilo ndilo chungu kuliko yote. Mtu yule hakupoteza akili hata asijijue. Aliiona nafsi yake ikizama, na hakuweza kuizuia.

Tarehe 4 Aprili 1883 Kocher alisimama mbele ya mkutano wa wapasuaji wa Ujerumani katika mji wa Berlin. Wakubwa wa kazi yake walikuwapo. Angeweza kuwasomea orodha ya waliopona majeraha, nao wangempigia makofi. Badala yake aliwasomea yaliyowapata wagonjwa wake kwa sababu ya kazi ya mikono yake, akaeleza kwamba hatatoa tena tezi yote kwa ajili ya rovu la kawaida. Tangu siku ile aliacha kipande kila alipoweza.

Baadaye mpasuaji wa Marekani, William Halsted, aliyewajua Kocher na Billroth wote wawili, alieleza kitu ambacho napenda wanafunzi wakitafakari. Wagonjwa wa Billroth hawakupatwa sana na ugonjwa huu. Je, Billroth alikuwa mpasuaji bora kuliko Kocher? La, kinyume chake. Billroth alifanya haraka, damu ikimwagika, akaacha vipande vya tezi nyuma. Vipande hivyo ndivyo vilivyowaokoa wagonjwa wake na huzuni ile, ingawa kwa haraka yake aliziharibu tezi nyingine ndogo nne zilizo jirani, wakapatwa na mikakamao ya misuli. Kocher kwa usafi wa kazi yake hakuacha kitu. Madhara yalitoka katika ustadi wenyewe.

Wala tusidhani kwamba mara moja alielewa alichokiona. Kwanza alidhani kwamba kupasua kumeidhuru njia ya pumzi, mwili ukakosa hewa ya kutosha. Alikosea. Aliyelifumbua fumbo alikuwa Felix Semon, daktari wa koo katika London, ambaye mwezi wa Novemba 1883 alisema kwamba magonjwa matatu ni ugonjwa mmoja: wale watoto mbilikimo wa milimani, wale wagonjwa wa Kocher, na wanawake wazima ambao daktari William Gull aliwaeleza mwaka 1873, waliovimba na kupooza bila kupasuliwa hata kidogo. Wote, alisema, wamekosa kazi ya tezi ya thairoidi. Wenzake walimcheka. Hata hivyo kamati ikaundwa, ikafanya kazi miaka mitano, ikakusanya wagonjwa zaidi ya 100, na mwaka 1888 ikakiri kwamba Semon amesema kweli. Katika taarifa hiyo mna jambo la kutisha: karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wakiona au kuamini vitu visivyokuwapo, na wengine walikuwa wamezama katika huzuni ya kichaa. Tujiulize, kabla ya hapo ni watu wangapi walifungiwa katika nyumba za wendawazimu, na ugonjwa wao uko shingoni?

Kocher hakukaa akijilaumu tu. Mwaka huohuo wa 1883 alijaribu kumpandikizia mgonjwa kipande cha tezi kutoka kwa mtu mwingine, na wanahistoria wa udaktari hukihesabu kitendo hicho kuwa ndio mwanzo wa kupandikiza viungo. Hakikudumu, lakini kilionyesha njia. Mwaka 1891 George Murray, daktari kijana wa Newcastle, alichukua tezi za kondoo kutoka machinjioni, akazikamua maji yake, akamdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba na kupooza kwa muda mrefu. Katika miezi michache mwanamke yule alisema upesi, akatembea, akarudiwa na uchangamfu wake. Alitumia dawa hiyo, kwanza kwa sindano kisha kwa kunywa, mpaka alipokufa mwaka 1919, na imehesabiwa kwamba zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 870 kwa ajili yake peke yake.

Kazi ya tezi ni hii. Huchukua ayodini kutoka katika damu, ikatengeneza homoni, ambazo ni kama wajumbe wanaotumwa mwilini mwote kuambia kila kiungo kiende kwa mwendo gani. Mwaka 1914, siku ya Krismasi, Edward Kendall wa Marekani aliipata homoni mojawapo ikiwa safi, nayo ndiyo thairoksini. Chembe yake moja ina atomu nne za ayodini. Ikifika ubongoni huvuliwa atomu moja, zikabaki tatu, na hiyo ya tatu ndiyo ifanyayo kazi kwa nguvu zaidi. Homoni zikipungua, moyo hupiga polepole, tumbo hufunga, joto hushuka, na ubongo nao hupunguza mwendo kama taa iliyoishiwa mafuta. Mtu huona kila kitu ni kizito, hata kuamka. Hupoteza hamu ya alivyovipenda. Hulia. Ukimtazama kwa nje, yuko sawasawa na mtu mwenye ugonjwa wa huzuni uitwao siku hizi sonona.

Kuna kinyume chake pia. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hukimbia, mikono hutetemeka, mtu hukonda na kukosa usingizi. Mgonjwa mmoja wa namna hiyo aliyepasuliwa na Kocher mwaka 1913 alikuwa Nadezhda Krupskaya, mke wa Lenin, wakati walipokuwa wakimbizi. Historia na Biolojia hukutana mahali pasipotazamiwa.

Mwaka 1909 Kocher alipewa Tuzo ya Nobel ya udaktari kwa kazi yake juu ya tezi ya thairoidi. Alikuwa mpasuaji wa kwanza kuipata. Alitoa fedha nyingi kuanzisha chuo cha utafiti katika Bern, nacho bado kinaitwa kwa jina lake. Pamoja na wasaidizi wake, mmoja wao mwanawe Albert, marovu yaliyopasuliwa kwake yalihesabiwa kwa maelfu. Katika miaka yake ya mwisho wapasuaji walisafiri kutoka Amerika kuja kusimama nyuma yake na kumtazama akifanya kazi kimya. Hakuacha kupasua mpaka siku chache kabla ya kufa, tarehe 27 Julai 1917.

Hakuyaona yote yaliyofuata. Miaka mitano baada ya kifo chake, mwaka 1922, Uswisi ilianza kutia ayodini kidogo katika chumvi ya kula, na marovu yakaanza kutoweka katika mabonde yale. Tanzania tulifuata njia hiyo katika miaka ya 1990, sheria ilipotaka chumvi itiwe madini joto. Ndiyo sababu ninyi wanafunzi wa leo mnahitaji kutazama picha kitabuni ili mjue rovu ni nini. Na mwaka 1949 daktari Richard Asher wa London alieleza wagonjwa 14 waliokuwa wamepatwa na wazimu au huzuni kubwa kwa sababu ya tezi iliyolala. Alipowapa dawa ya tezi wengi wao walipona. Tangu hapo madaktari wamefundishwa kuikumbuka shingo wanapomtazama mtu mwenye huzuni isiyoeleweka.

Sitaki mzazi ye yote anielewe vibaya. Watu wengi wenye sonona tezi zao ni nzima kabisa, na ugonjwa wao ni wa kweli vilevile, una matibabu yake. Wala si kila mwenye tezi dhaifu atakayepatwa na huzuni. Lakini ikiwa huzuni imekuja pamoja na kuona baridi, kunenepa bila kula, sauti kukwaruza na ngozi kukauka, basi apimwe damu. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na wengine hupatwa katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, wakati ambapo kila mtu husema ni uchovu wa kulea. Na mtu aliyepasuliwa shingo asiache kurudi kwa daktari eti kwa sababu kovu limepona.

Shangazi yangu hakuambiwa arudi. Au pengine aliambiwa, sisi tusisikie. Alikaa katika hali ile karibu miaka mitatu. Mwaka 1986 alipelekwa katika kituo cha afya kwa sababu ya tumbo lililofunga, akakutana na mganga kijana aliyekuwa ametoka masomoni. Kijana yule hakuanza na tumbo. Aliliona kovu, akauliza lilipatikana lini. Akamgonga kwa nyundo ndogo nyuma ya kisigino, akautazama mguu unavyoruka na kurudi polepole kama mlango mzito. Akachukua damu, ikapelekwa mbali, majibu yakachukua wiki nyingi. Kisha akampa vidonge vidogo vyeupe vya thairoksini, akaanza na nusu kwanza, akaongeza kidogo kidogo ili moyo usishtuke.

Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi likizo ya Desemba nilipita njia ya shambani kwake, nikasikia mtu akiimba katikati ya mahindi. Sauti ilikuwa na mkwaruzo bado. Nilisimama pale njiani kitambo, kisha nikavuka mfereji nikamwamkia. Alinitazama, akaniambia kwamba mwanawe alimwuliza katika barua tangu lini mama yake ameanza kusema kama karani wa mahakama. Kisha akacheka mpaka akashika jembe. Nikamwomba radhi, akanipa jembe la pili.

Aliishi miaka mingine 23 akimeza kidonge chake kila alfajiri. Dawa hiyo hutaka tumbo tupu, kwa hiyo wajukuu wote wa nyumba ile walijua kwamba chai ya bibi haimiminwi mpaka nusu saa ipite, nao walikaa mlangoni wakiitazama saa ya ukutani, maana kabla ya bibi kunywa hakuna mwingine aliyepewa.